Msimu Ambao Delaney Hakuomba Nasi

Jumanne, 27 Agosti

Tumeshinda mechi ya kwanza, seti tatu kwa moja. Lakini sitaki kuandika juu ya ushindi. Nataka kuandika juu ya Delaney Ott, maana sijui nimwambie nani mwingine.

Kabla ya mechi tulishikana mikono katikati ya uwanja, kama timu yetu inavyofanya tangu Mama alipoanza kufundisha voliboli hapa Tabor Flat, mji wetu mdogo wa wakulima, miaka kumi na tisa iliyopita. Mama ndiye kocha. Mimi ni nahodha, tena ndiye ninayewapandishia wenzangu mipira waipige, kwa hiyo leo alinipa mimi niombe. Niliomba vizuri. Nilimtaja baba yake Delaney, Bwana Rodney Ott, aliyezama ndani ya punje za mahindi, zikammeza kama matope, kwenye ghala lake la bati mwezi wa sita. Siku nne alizolala hospitali tulimwombea katika ukumbi uleule wa michezo, asubuhi na jioni, na siku ya tano akafa. Nilisema: "Tunakushukuru, Bwana, kwa kumwita nyumbani Bwana Ott, maana unayo makusudi yako, na msimu huu tunaucheza kwa ajili yake." Watu majukwaani walikuwa wakifuta machozi. Mchungaji Dahl aliniambia baadaye kwamba nina kipawa.

Mechi ilipokwisha tukaunda duara tena, pamoja na wale wasichana tuliowafunga, na mkono wangu wa kulia ukashika hewa. Delaney alikuwa amekwenda kusimama penye chupa za maji. Hakuinamisha kichwa. Alikuwa anafungua bandeji za vidole vyake, taratibu, kama mtu aliye peke yake jikoni kwao.

Tumecheza pamoja tangu darasa la tatu, yeye na mimi.

Jumatano, 28 Agosti

Mama wakati wa kifungua kinywa: "Mwache. Ana majonzi. Atarudi mwenyewe."

Alhamisi, 5 Septemba

Hakurudi. Tulicheza ugenini, tukashinda, na duara lilipoundwa yeye akaenda kwenye chupa. Ndani ya basi Kenzie Pospisil alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kiti cha nyuma: "Jamani, leo maji yetu yamebarikiwa. Delaney kayalinda." Wakacheka. Mimi pia nilicheka, kidogo. Delaney alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo.

Jumanne, 10 Septemba

Joto la kuua. Mahindi yameanza kukauka majani ya chini. Tumeshinda.

Jumanne, 17 Septemba

Mama hubandika karatasi ya hesabu za mechi kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Kila mchezaji, mipira aliyopiga, iliyoingia, iliyopotea. Leo nilikuwa wa mwisho kutoka nikasimama kuisoma. Mechi ya kwanza Delaney alipiga mipira thelathini na mmoja. Ya pili, ishirini na mbili. Leo, tisa.

Hakuna anayepanga nani apige ila mimi.

Nilijaribu kujikumbusha. Kweli, pasi za kwanza zilikuwa mbovu. Kweli, Kenzie yuko katika hali nzuri. Lakini katika seti ya pili nakumbuka mpira ukinishukia laini kama mto wa kulalia, na Delaney tayari yuko hewani, mkono nyuma, ananiita, "Bee! Bee!", jina analoniita yeye tu. Na mimi nikaurusha nyuma ya kichwa changu, kwa Kenzie, aliyekuwa na wazuiaji wawili mbele yake. Tukapoteza pointi ile.

Mama alikuja, akaisoma karatasi ileile, bega kwa bega nami. Nilingoja aniulize. Akasema, "Zima taa ukitoka."

Ijumaa, 20 Septemba

Delaney alinikuta kwenye makabati kabla ya somo la kemia.

"Mkono wangu una nini?" akaniuliza.

"Mkono gani?"

"Huu. Wa kulia. Maana kama umeoza, niambie nikaukate."

"Acha hizo, Delaney."

"Wewe ndiye uache. Nakuuliza kama nahodha, au nikuulize kama rafiki?"

Nikamwambia mambo ya pasi mbovu. Nikamwambia mambo ya Kenzie. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, nahodha," akaenda zake. Nilikasirika. Nilijiambia: kinachotakiwa ni kushikana mikono dakika moja tu. Hata kama hataki kuomba, afumbe macho tu. Inamgharimu nini?

Jumanne, 24 Septemba

Vumbi la mavuno limefunika kila kitu, hata kingo za glasi. Baba yuko shambani toka alfajiri. Mechi tumeshinda.

Jumanne, 1 Oktoba

Mama alimtoa Delaney katika seti ya tatu, akamwingiza Libby, ambaye ana miaka kumi na minne na anaogopa mpira. Hakuna mtu ukumbini aliyeelewa, au wote walielewa.

Baadaye, kwenye maegesho, Bi. Joyce Ott alimngoja Mama kando ya gari letu. Alikuwa bado amevaa koti la kazi la marehemu mumewe, lenye mikono mirefu kumpita.

"Nadine," alisema, "mwanangu amekosa nini?"

"Hajakosa kitu, Joyce. Hapigi vizuri siku hizi."

"Hapewi mpira, atapigaje? Hata mimi mama yake, nisiyejua voliboli, naona."

"Hayo ni mambo ya uwanjani."

"Ni mambo ya hilo duara lenu, na unajua. Nakuomba kwa upole, Nadine, tumezikana, tumelishana. Fanyeni maombi yenu kanisani. Hapa mwache mtoto acheze."

Mama akasema, "Sijamlazimisha mtu yeyote, hata siku moja."

"Hapana," akasema Bi. Ott. "Hukumlazimisha."

Kisha akanitazama mimi, nami nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Alhamisi, 3 Oktoba

Bi. Ott aliiandikia shule. Mwalimu mkuu, Bwana Stroh, alimwita Mama saa nne na kumwambia kwamba mwanasheria wa wilaya ameshatoa jibu: kocha wa shule ya serikali haruhusiwi kuongoza maombi, haruhusiwi kuyapanga, na asiingie kwenye duara. Wanafunzi wakitaka wenyewe, hiyo ni hiari yao.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani Mama alisimamisha gari kando ya shamba la jirani yetu Dvorak, mikono ikiwa bado kwenye usukani. Sijapata kumwona analia isipokuwa kwenye mazishi.

"Miaka kumi na tisa, Brynn," alisema. "Wasichana wangapi wamepita mikononi mwangu? Leo nimekuwa mtu wa kuwekewa mipaka kama mhalifu."

"Pole, Mama."

Akajifuta kwa kiganja. "Sasa ni wewe. Wewe ni mwanafunzi, hakuna sheria inayokukataza. Utafanya?"

Nilisema ndiyo kabla hata sijafikiri. Nani angesema hapana?

Jumatatu, 7 Oktoba

Mji mzima unajua. Pale dukani mama mmoja alinikumbatia, akanong'ona, "Usitetereke."

Jumanne, 8 Oktoba

Inabidi niandike yote, na niyaandike yalivyokuwa.

Mechi ilikuwa nyumbani. Ukumbi ulijaa mpaka wavulana wa futiboli walikaa kwenye ngazi. Tulishinda seti tatu bila. Delaney hakuingia hata kwa pointi moja. Firimbi ya mwisho ilipolia, Mama alijiondoa, akasimama mlangoni na mikono yake nyuma, kama alivyoagizwa. Nikawaita wenzangu katikati.

Ndipo majukwaa yakaanza kushuka. Kwanza Mchungaji Dahl, kisha wazee, kina mama na watoto wadogo, kisha wavulana wa futiboli wakivua kofia. Hakuna aliyepiga kelele. Zilisikika nyayo tu. Walishikana mikono kutuzunguka, mstari mmoja, kisha wa pili, mpaka wakagusa kuta. Nilihisi nywele zikinisimama. Nilidhani ni Roho. Labda ilikuwa hivyo, sijui tena.

Benchi letu na chupa za maji ziko kando ya uwanja, pale pale anaposimama Delaney siku zote. Lakini safari hii duara lilikuwa kubwa mno. Lilimzunguka na yeye.

Nilianza kuomba. Niliomba kwa ajili ya mji, kwa ajili ya ujasiri, kwa ajili ya Mama. Nikasikia, nyuma yangu, sauti ya Delaney: "Naomba nipite."

Hakuna aliyejibu.

"Samahani. Naomba nipite."

Nikasikia mwanamume mmoja akimwambia, kwa sauti ya chini wala si ya ukali: "Subiri tumalize, binti."

Nilifumbua macho. Alikuwa amesimama mbele ya mikono iliyofungamana kama mtu aliyefika getini akakuta limefungwa. Begi lake liko begani. Alikwenda hatua tatu kulia, akajaribu hapo. Akarudi kushoto. Watu walikuwa wamefumba macho, na wale waliofumbua waliyafumba tena. Kisha akageuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja niseme neno moja tu: mpisheni.

Nilifumba macho nikaendelea. Niliomba kwa kirefu kuliko siku zote, maana nilijua nikisema amina nitalazimika kumwona.

Nilipofumbua macho, mikono ilikuwa imeachiana na yeye hayupo. Watu walikuja kunishika mabega. Bibi mmoja alisema hajawahi kuona kitu kizuri kama kile maishani mwake.

Jumatano, 9 Oktoba

Delaney alikuja shuleni, akakaa mbele kabisa darasani. Sikula mchana.

Jumamosi, 12 Oktoba

Toka mazishi ilipangwa kwamba leo majirani wote wangekwenda kuwavunia kina Ott. Ndivyo tunavyofanya hapa mtu akifiwa. Mashine kumi na mbili za kuvunia ziliahidiwa, pamoja na malori. Saa moja asubuhi Baba alikuwa anavaa viatu vyake vya kazi na Mama akamuuliza, "Unakwenda?"

"Niliahidi mwezi wa sita."

"Baada ya alichonifanyia Joyce?"

Baba si mtu wa maneno. Alifunga kamba za kiatu cha pili. "Nadine, Rodney alinisaidia mwaka ule nilipovunjika mguu. Mahindi yake yamesimama." Akatoka.

Mchana nilipeleka chakula: sufuria ya maharage ya pilipili na mikate ya mdalasini ambayo Mama aliipika bila kusema ni ya nani. Nilitegemea kuona shamba limejaa vumbi la mashine kumi na mbili. Zilikuwa tatu. Ya Baba, ya Dvorak mzee, na ya Mkatoliki mmoja wa kijiji cha pili ambaye hakuwa hata amealikwa. Ekari mia nne, mashine tatu. Bi. Ott alikuwa anaendesha lori la nafaka mwenyewe.

Delaney alikuwa amekaa nyuma ya pikapu, amevaa glavu, anangoja lori linalofuata. Nikaweka sufuria kando yake.

"Wako wapi wengine?" nikauliza, kama mjinga.

"Wanaomba," alisema.

Tulikaa. Upepo ulikuwa baridi. Mwishowe nikamwambia, "Ungesema tu. Ungeniambia kwa nini. Sisi wote tulimpenda baba yako. Tulimwombea kwa moyo wote."

"Najua mlimwombea. Niliomba nanyi siku zote nne. Sikuacha kwa sababu alikufa." Alivua glavu moja, akaivaa tena. "Bee, unakumbuka ulisema nini mechi ya kwanza?"

"Nilimtaja. Niliwaambia tunacheza kwa ajili yake."

"Ulimshukuru Mungu. Mbele ya watu mia tatu ulinishika mkono huu, ukamshukuru Mungu kwa kumchukua baba yangu. Makusudi, ulisema. Baba alikaa dakika arobaini na mahindi mpaka kinywani, Brynn, na Mama amemshika nywele asizame zaidi. Halafu mimi niseme amina, tukacheze mpira."

Nilisema nilikuwa na nia njema.

"Najua. Kila mtu ana nia njema. Jumanne pia walikuwa na nia njema."

Lori likaja, akaruka chini kwenda kulifungua. Wavunaji walipokwisha kula niliosha sufuria kwenye bomba lao na kurudi nyumbani.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani Mchungaji Dahl alinitaja jina mimbarini. Nilitazama viatu vyangu.

Jumanne, 15 Oktoba

Nilimwambia Mama jikoni, kabla ya mazoezi. Nilimweleza alichosema Delaney, yote, mpaka habari za nywele. Nikasema, "Mama, tuliache hilo duara. Msimu huu tu."

Alikaa. Kwa muda mrefu alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa cha vyombo.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba kaka yangu Wes alipogongwa na treni," alisema. "Unajua hilo. Usilolijua ni kwamba nyumbani hakuna aliyesema na mimi. Baba yangu alihamia ghalani. Mama yangu hakutoka kitandani. Mahali pekee duniani ambapo mtu alinishika mkono ni katikati ya uwanja, na timu ya shule niliyosoma, kila Jumanne na Alhamisi, dakika moja. Bila dakika ile nisingekuwa hai, Brynn. Sisemi kwa mfano."

"Lakini yeye si wewe."

"Sasa nifanyeje, niwanyang'anye wote wanaohitaji kwa sababu mmoja anaumia?"

"Ungempa mpira," nikasema. "Ningempa mpira. Hilo tu tungefanya."

Akanitazama, na nikaona kwamba alijua toka siku ile ya karatasi mlangoni, na kwamba alikuwa amejiambia yaleyale niliyojiambia mimi.

"Nenda kavae," alisema. "Tutachelewa."

Alhamisi, 17 Oktoba

Leo nilimpandishia Delaney mipira kumi na minne, kwa kuwa Mama alimwingiza seti mbili. Mitatu tu ndiyo iliyoingia. Mkono haufiki tena kwa wakati, au yeye ndiye asiyeutaka tena mpira wangu. Hakuniita Bee. Alisema "Yangu!" kama mtu yeyote. Duara likaundwa, niliomba maneno machache, akaenda kwenye chupa. Vijana majukwaani walimzomea.

Jumanne, 22 Oktoba

Delaney amerudisha jezi. Ilikuwa juu ya meza ya Mama, imefuliwa, imepigwa pasi.

Jumamosi, 2 Novemba

Tumefuzu kwenda Lincoln, mji mkuu, kwenye mashindano ya jimbo. Mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja. Gari la zimamoto lilitusindikiza mjini likipiga king'ora, kwenye mvua. Niliongoza maombi. Midomo yangu iliyajua maneno, haikunihitaji. Wote walilia kwa furaha, na Kenzie akanibeba mgongoni.

Mashine kwenye shamba la kina Ott bado zinazunguka, mbili sasa. Dvorak mzee anaumwa.

Alhamisi, 7 Novemba

Lincoln. Ukumbi ni mkubwa kiasi kwamba watu wa Tabor Flat wote walijaa kona moja tu.

Tuliunda duara kabla ya mechi. Mama alikuwa kwenye mstari wa pembeni, mikono nyuma. Kenzie kushoto kwangu, Libby kulia, mkono wake mdogo umeloa jasho. Wakainamisha vichwa. Wakangoja.

Nilifungua kinywa. Nilikuwa nimejiandaa kusema kitu cha kawaida, cha kuomba tusiumie. Lakini kila neno nililoshika lilikuwa na mikono ya watu wale imefungamana mbele ya begi lake. Nikakaa kimya. Nilisikia mtu akikohoa huko juu. Nilisikia taa zikivuma.

"Brynn," Kenzie akanong'ona. "Anza."

"Anza wewe."

"Unaumwa?"

"Hapana. Sitaki."

Libby aliinua kichwa akanitazama kwa hofu, kana kwamba nimemwambia kuna moto. Kenzie akavuta pumzi, akaanza yeye, kwa sauti kubwa, na duara likaendelea bila mimi kama maji yanavyolipita jiwe. Sikuutoa mkono wangu. Sikuwa na ushujaa wa Delaney. Nilisimama tu katikati yao, macho wazi, na upande wa pili wa uwanja nikamwona Mama ananiangalia.

Tulifungwa seti tatu bila. Kwa kweli walikuwa bora kuliko sisi, wangetufunga hata tungekesha tukiomba. Ndani ya basi hakuna aliyekaa karibu nami.

Ijumaa, 8 Novemba

Mama hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu, asubuhi, akiwa amenipa mgongo: "Ulikuwa unanifundisha mimi?"

Nikasema sikuwa nafundisha mtu.

"Sawa," akasema.

Jumatano, 13 Novemba

Mtu ameandika jambo kwenye vumbi la gari letu. Baba alilifuta kwa mkono wa koti kabla sijasoma lote.

Jumapili, 17 Novemba

Kina Ott wanahama. Shamba wamemkodisha mtu wa mbali. Wanakwenda kukaa na shangazi yao mjini Grand Island. Nilikwenda baada ya kanisa. Delaney alikuwa anafunga masanduku barazani, pumzi zinamtoka kama moshi.

"Nimesikia ya Lincoln," alisema.

"Nilitaka kukuambia..."

"Usiniambie uliacha kwa ajili yangu. Tafadhali. Sitaki kubeba na hilo."

Nikamwambia ninachojuta si Lincoln. Ninachojuta ni tarehe nane Oktoba, aliponitazama. Na ule mpira wa Septemba. Na ile mingine.

Alibandika utepe wa gundi kwenye sanduku, akausugua kwa kidole gumba mara mbili, tatu. "Nilikungoja," alisema. "Nilijua utasema. Nilikuwa nimeshika begi langu na nilijua kabisa kwamba Bee atasema." Kisha akaita ndani, "Mama, hili la vyombo liende wapi?" na Bi. Ott akatoka, akanisalimu kwa heshima, kama anavyomsalimu mtu wa benki.

Niliwasaidia kubeba masanduku sita. Hawakunizuia, wala hawakunishukuru. Delaney aliniaga kwa kuinua mkono.

Jumapili, 24 Novemba

Theluji ya kwanza. Kina Ott waliondoka jana.

Mchana Mama alikuwa mezani anaandika orodha ya msimu ujao, ambao mimi sitakuwepo, maana nitakuwa nimemaliza shule. Huandika kwa wino mweusi, herufi kubwa: PAVELKA LIBBY, NOVOTNY SHEA. Simu ikalia. Alikuwa yule daktari mpya wa mifugo, aliyehamia mwezi uliopita na familia yake, watu ambao hawajaonekana kanisa lolote. Binti yake Maya anacheza vizuri sana, nimemwona. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo.

"Hapana, bwana," Mama alisema. "Si lazima kuomba. Hailazimishwi, haijawahi kulazimishwa. Akaribie tu." Akacheka kwa adabu. "Ndiyo. Na wewe pia."

Akaweka simu. Akatazama karatasi kwa kitambo. Kisha akaiweka kando ile kalamu ya wino, akachukua penseli yenye kifutio, na chini kabisa ya orodha akaandika jina la yule msichana.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kikombe mkononi. Nilikiweka chini. Nikaichukua kalamu, nikainama juu ya bega lake, nikalipitia jina lile kwa wino, herufi moja baada ya nyingine, mpaka mwisho.

Mama hakunizuia. Alilitazama likikauka. Halafu akaikunja karatasi mara mbili, akainuka, akaanza kuosha vikombe, na mimi nikachukua kitambaa nikasimama kando yake kuvifuta.